Neno Lililosemwa kwa Upole

Kila asubuhi Nthatisi Moleleki aliamka kabla ya bibi yake. Alibandika maji ya uji, kisha akatoka kufagia uwanja mpaka kwenye waya wa uzio, maana hakutaka majirani wa mtaa wao wa Seeisoville, mjini Kroonstad, Afrika Kusini, wapite kwenda kazini na kuona takataka mlangoni kwao. Alipomaliza, alipaka nta nyekundu kwenye kibaraza, akakisugua hadi kikang'aa. Hapo ndipo bibi yake alipotoka na kikombe cha chai.

"Eti leo tutapita wapi?" Nkgono alikuwa akisema. "Mimi siwezi kukanyaga kitu kizuri hivi."

Nthatisi alimwita Nkgono, kama watoto wote wa Kisotho wanavyowaita bibi zao. Wazazi wake walifanya kazi Johannesburg na kurudi Krismasi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili tu. Sifa ya asubuhi ilimtosha Nthatisi mpaka afike shuleni. Huko alizikuta nyingine, kwa kuwa tangu darasa la nne hakuna aliyewahi kumpita katika mtihani. Sasa alikuwa darasa la saba, ana miaka kumi na mitatu, na alikwisha zoea kuketi dawati la mbele kama mtu aliyelinunua.

Januari ile ya mwaka 2014 aliletwa mwanafunzi mpya. Aliitwa Lizelle Jaftha, msichana mwembamba mwenye nywele alizozifunga kwa utepe mweusi. Alitoka Brentpark, upande wa pili wa mji, mtaa ambao serikali ya zamani iliwatengea watu wa asili ya mchanganyiko iliowaita Makaladi. Nyumbani kwao waliongea Kiafrikana. Kisotho chake kilikuwa cha kuchechemea, na watoto walimcheka alipokosea. Nthatisi hakumcheka. Hakuona sababu ya kumjali.

Mambo yalibadilika siku moja ya Februari. Mwalimu wao wa historia, Ntate Lebusa, yaani Bwana Lebusa, aliingia darasani, akaandika neno moja ubaoni kwa herufi kubwa: APARTHEID.

"Hii ni nini?" akauliza.

Mkono wa Nthatisi ulikuwa juu kabla mwalimu hajageuka. "Ni ubaguzi wa rangi, Ntate. Serikali ya Makaburu iliwagawa watu kwa rangi. Weusi mtaa wao, Wazungu mtaa wao. Shule mbalimbali, mabenchi mbalimbali, hata makaburi."

"Vizuri. Hayo ndiyo liliyoyafanya neno hili. Mimi nauliza neno lenyewe. Limetengenezwa kwa nini?"

Nthatisi alifungua kinywa, akakifunga. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, mkono mwembamba ulinyanyuka.

"Ni maneno ya nyumbani kwetu, Ntate," alisema Lizelle polepole. "Apart ni kando, mbali na wengine. Hiyo heid mwishoni haina maana peke yake. Unaibandika kwenye neno, inakuwa hali. Vry ni huru. Vryheid ni uhuru. Kwa hiyo hilo ni... hali ya kuwa kando. Kutengana."

"Kwa Kiingereza hiyo heid inasikika kama hate, yaani chuki!" alipaza sauti Tshidiso, mchekeshaji wa darasa. "Yaani kaa kando nikuchukie vizuri!" Watoto wakaangua kicheko, na Ntate Lebusa naye akatabasamu.

"Tshidiso, siku moja ulimi wako utakupatia kazi redioni. Lizelle, umenifurahisha sana." Alichora mstari katikati ya lile neno, akaligawa vipande viwili. "Tazameni. Kipande kilekile kinachotengeneza uhuru ndicho kilichotengeneza hili. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hapa mjini hawalijui. Mojawapo ya mara za kwanza neno hili kuonekana katika maandishi ilikuwa mwaka 1929, katika hotuba ya mchungaji mmoja kwenye mkutano wa kanisa. Mkutano huo ulifanyika wapi? Hapa hapa Kroonstad."

Watoto wakatazamana.

"Na hakulisema kwa ukali. Alisema kanisa lake lina roho ya kutengana, lakini roho hiyo haikutokana na kudharau rangi ya mtu. Eti ilitokana na kazi njema ya kueneza injili. Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka 1948, chama kimoja kikalibeba neno hilo mpaka kwenye uchaguzi. Kikashinda. Baada ya hapo zikaja sheria, vitambulisho, polisi na malori ya kuhamisha watu."

Kisha akatangaza kwamba siku moja kabla ya Siku ya Haki za Binadamu, yaani Machi 21, mwanafunzi mmoja angezungumza juu ya neno hilo katika ukumbi wa maktaba ya mji, mbele ya wazazi na wageni. "Anayetaka kuchaguliwa aniletee ushuhuda wa mtu aliyeyapitia. Asininukulie kitabu. Aketi na mtu."

Wakati wa kutoka, Nthatisi alimsikia Lizelle akimwambia mwalimu kwamba bibi na babu zake wote walikwisha fariki. "Basi nenda Seeisoville kwa Nkgono Mmaselloane, bibi yake Nthatisi," alijibu Ntate Lebusa. "Alipika katika nyumba za Wazungu miaka thelathini. Kiafrikana anakitafuna kama karanga."

Nthatisi aliduwaa. Yeye alikwisha panga kumhoji mzee mmoja aliyewahi kufungwa gerezani kwa ajili ya siasa. Haikumpitia akilini kwamba Nkgono ana la kusema. Nkgono alikuwa ameosha vyombo vya watu, basi.

*

Jumamosi iliyofuata Lizelle alifika na daftari. Alisalimia kwa Kisotho chake cha kuvunjikavunjika, Nkgono akamjibu kwa Kiafrikana, na uso wa yule msichana ukafunguka. Wakaketi kibarazani, kwenye kile kibaraza alichokisugua Nthatisi kwa mikono yake, wakaongea.

Nthatisi alibaki jikoni akikoroga unga wa magwinya, maandazi ya kwao ya kukaanga. Kiafrikana chake kilikuwa cha shuleni, cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Aliokota neno hapa na pale, mengine yakampita. Alichosikia vizuri ni vicheko. Nkgono alicheka kwa sauti nyembamba ya kitoto ambayo Nthatisi hakuwahi kuisikia, akapiga magoti yake kwa viganja. Kisha kicheko kikakatika, na sauti yake ikashuka. Nthatisi alichungulia. Nkgono alikuwa akijifuta macho kwa pindo la aproni, na Lizelle ameushika mkono wake.

Nthatisi alitamani kumwaga mafuta, avunje sahani, afanye lolote ili wageuke wamtazame yeye. Katika mazungumzo yale alilisikia jina moja likirudi na kurudi: Katrien.

Mgeni alipoondoka, Nthatisi aliuliza, "Katrien ni nani?"

"Ah, mambo ya zamani hayo," alisema Nkgono, akaokota vikombe. "Mtoto yule anasikiliza vizuri sana! Atakuja tena Jumamosi. Nimemwambia tutamkaangia magwinya yenye mchuzi wa nyama."

Nthatisi aliosha vyombo kimya. Mambo ya zamani! Kwake yeye yalikuwa mambo ya zamani, kwa Lizelle yalikuwa hadithi ya saa mbili. Usiku ule alijigeuza kitandani akihesabu alivyonyang'anywa: sifa ya Ntate Lebusa, ukumbi wa maktaba, na sasa bibi. Kila alipofumba macho aliuona mkono ule mwembamba juu ya mkono wa Nkgono.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alimfuata Lizelle kwenye bomba la maji.

"Nkgono amenituma," alisema. Sauti yake ilikuwa laini, hata yeye mwenyewe aliistaajabia. "Amesema usije tena."

Lizelle aliacha maji yamwagike. "Kwa nini? Nimemkosea?"

"Hapana. Si kwamba anakuchukia. Anaona tu ni vizuri zaidi kila mtu abaki na watu wake. Nyinyi wa Brentpark mna wazee wenu."

Lizelle alifunga bomba, akasema "Sawa," akaenda zake darasani.

Jumamosi Nkgono alivaa kitambaa chake kipya cha kichwani. Alikaanga magwinya, akayafunika kwa taulo safi, akaketi kibarazani akitazama barabara. Saa nne ikapita, na saa tano. Kila msichana aliyetokea kwenye kona alimfanya anyanyuke kidogo kitini.

"Labda ameugua," alisema. "Hebu nipe simu nimwulize mwalimu."

Nthatisi aliona hatari. Maneno yakamtoka bila kuyapima. "Hajaugua, Nkgono. Nilimwona jana. Labda hataki tu kuingia nyumba za watu weusi. Unawajua wale."

Nkgono alifunua taulo, akayatazama magwinya yaliyopoa, akayafunika tena. Kisha akavua kile kitambaa kipya, akakikunja mara nne, akaingia ndani. Siku hiyo hakula. Wala siku zilizofuata hakutoka asubuhi na kikombe chake. Alikunywa chai jikoni, ameupa mlango mgongo.

*

Wiki ya pili ya Machi, Lizelle alimwambia Ntate Lebusa kwamba hana ushuhuda. Hakutoa sababu. Mwalimu alijaribu kumdadisi, akaambulia kutikisiwa kichwa. Basi akatangaza kwamba Nthatisi, aliyekwisha kumhoji yule mzee wa gerezani, ndiye atakayezungumza maktaba.

Darasa likapiga makofi. Nthatisi alisimama akaisubiri furaha. Haikuja. Badala yake alijikuta akitupa jicho kwenye dawati la dirishani.

"Njoo mbele utusomee, tukuzoeze," alisema mwalimu.

Nthatisi alisoma vizuri, kama kawaida yake. Alieleza vile vipande viwili vya neno, akafika kwenye mwaka 1929. "Mchungaji alisema kwamba kutengana huko hakukutokana na kudharau..."

Akakwama. Alikuwa amesikia sauti, na haikuwa ya mchungaji. Ilikuwa sauti yake mwenyewe penye bomba la maji: si kwamba anakuchukia, ni vizuri zaidi kila mtu abaki na watu wake. Ilikuwa laini vilevile. Kule nyuma Lizelle alikuwa ameinamisha kichwa, akikwaruza dawati kwa ukucha.

"Endelea," alisema Ntate Lebusa.

"Siwezi, Ntate. Naomba... naomba nimalize kesho."

Alikimbia njia nzima hadi nyumbani. Nkgono alikuwa akimenya viazi. Nthatisi alisimama mlangoni, begi bado mgongoni, akasema yote kwa pumzi moja, uongo wa kwanza na uongo wa pili. Alitarajia kofi. Nkgono aliendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kidogo kama kokwa, ndipo alipoweka kisu chini.

"Kaa."

Nthatisi akakaa.

"Uliniuliza Katrien ni nani. Nilipokuwa na miaka tisa, tuliishi mtaa wa zamani, Wasotho na Makaladi mlango kwa mlango. Katrien alikuwa rafiki yangu. Tulilala kitanda kimoja, kwao au kwetu, popote usingizi ulipotukuta. Kisha malori yakaja. Wao wakapelekwa Brentpark, sisi huku. Jumapili moja nilitembea kwa miguu kumtafuta. Nilipofika, bwana mmoja wa manispaa akanishika bega. Hakunipiga, hakunitukana. Akasema, mtoto mzuri, rudi kwenu, wale wana watu wao. Nikarudi. Nikangoja Katrien aje yeye. Hakuja."

"Alikukataa?"

"Nilidhani hivyo miaka thelathini. Siku moja tulikutana kwenye foleni ya duka. Kumbe naye alikuja upande wetu, akarudishwa kwa maneno hayo hayo. Kila mmoja aliamini mwenzake hamtaki. Na unajua tulisema nini pale kwenye foleni, wanawake wazima na watoto wetu? Tuliulizana bei ya unga. Hatukuwa na kingine. Mwaka uliofuata alifariki."

Nthatisi alikuwa akilia. "Kwa nini ulimwambia yeye? Mimi niko hapa kila siku!"

"Aliniuliza," alisema Nkgono. "Wewe hukuniuliza. Na mgeni ni rahisi, akishasikia anakwenda kwao. Wewe ungebaki hapa ukinitazama kwa huruma, na mimi sikutaka. Hilo ni kosa langu, nimelikubali. Sasa nawa uso. Tunakwenda Brentpark."

"Sasa hivi?"

"Viazi havitakimbia."

Waliuvuka mji jua likiwa bado kali. Walipofika nyumba za kwanza za Brentpark, Nkgono alisimama kidogo, akajishika kiuno. "Tangu siku ile sijawahi kuingia hapa," alisema. "Hakuna anayenizuia siku hizi. Ni miguu tu iliyokuwa haitaki." Akaingia.

Baba yake Lizelle, Bwana Jaftha, alikuwa uani akifungua gurudumu la gari. Aliposikia wao ni nani, hakusimama.

"Mtoto wangu alilia siku mbili," alisema. "Nikamwambia umeyataka mwenyewe, unawafuata watu wasiokutaka. Nimekwisha mkataza kuwazoea watoto wa Seeisoville. Sasa mnataka nini?"

Nkgono alimsukuma Nthatisi mbele kwa kidole kimoja mgongoni. Lizelle alikuwa ametokea mlangoni.

"Nkgono hakusema yale," alisema Nthatisi. "Niliyatunga mimi. Yeye alikukaangia magwinya akakungoja mpaka mchana, na mimi nikamwambia humtaki kwa sababu ni mweusi."

"Mimi?" Lizelle alishuka ngazi. "Ulimwambia mimi nimesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Lakini kwa nini? Nilikufanya nini?"

"Hukunifanya kitu. Nilikuonea wivu. Alicheka na wewe. Hajawahi kucheka na mimi vile."

Lizelle akasema, "Mimi sina bibi hata mmoja. Wewe unaye kila siku, na bado saa mbili zangu zimekuuma?"

Bwana Jaftha alikuwa ameacha spana, akiwatazama watoto, halafu akamtazama mwanamke mzee aliyetembea mji mzima juani. Alipangusa kiti kwa mkono wa shati. "Keti, Mama," alimwambia Nkgono kwa Kiafrikana. "Lizelle, lete maji ya baridi."

Walipokuwa wanaaga, Lizelle alimwambia Nthatisi, "Nitakuja Jumamosi. Lakini nakuja kwa Nkgono. Siji kwako."

"Sawa," alisema Nthatisi. Hakustahili zaidi, na alilijua hilo.

*

Kesho yake alimweleza Ntate Lebusa kila kitu, mbele ya darasa zima, maana ndivyo mwalimu alivyotaka. Hata Tshidiso alikosa la kuchekesha. Mwalimu alimpa Lizelle nafasi ya kuzungumza, na Nthatisi akapewa kazi ya kupanga viti ukumbini.

Siku ilipofika, alipanga viti mia moja na ishirini. Lizelle alisimama mbele, mikono imeshika karatasi kwa nguvu. Alieleza neno na lilikotoka, akasimulia juu ya wasichana wawili na kitanda kimoja. Alipokosea Kisotho hakuna aliyecheka. Alipomaliza, watu walisimama kumpigia makofi, na Nkgono, aliyeketi mstari wa mbele pamoja na Bwana Jaftha, alipiga kuliko wote. Nthatisi alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Ule mwiba wa zamani ulimchoma tena kifuani. Alipiga makofi hivyohivyo, mpaka viganja vikawaka moto.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na Nkgono. Njiani Nthatisi alisema, "Nkgono, nikikwambia ukweli utakasirika? Bado naona wivu."

"Nitakasirika ukinidanganya," alisema Nkgono. "Wivu humwingia kila mtu, mwanangu, hata mimi. Haukuwa kosa lako. Kosa lilikuwa kuupa kazi ya kufanya. Ulichukua watu wawili waliokuwa wameketi pamoja, ukaweka uongo katikati, na ukausema kwa upole ili wewe mwenyewe usione unachofanya. Neno lile halikuanza na mbwa wa polisi wala bunduki. Lilianza na watu wenye sauti nzuri, wakisema kila mmoja akikaa kwake ni salama. Siku yoyote utakapojisikia unasema hivyo juu ya mtu, simama. Jiulize ni nini unakiogopa kukipoteza. Kisha kaseme ukweli mapema, kabla haijapita miaka thelathini."

"Ndiyo, Nkgono."

Kisha Nthatisi akauliza swali ambalo hakuwahi kuuliza maishani mwake.

"Ulikuwa na miaka mingapi ulipoanza kazi kwenye zile nyumba?"

Nkgono alimgeukia, akamtazama vizuri kama anayemwona mara ya kwanza.

"Kumi na minne," alisema. "Punguza mwendo, nitakueleza. Ni habari ndefu."